Halisi, Hakika na Kweli: Asili ya Neno "Uhalisia" na Nafasi Yake katika Uhakiki

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, kuna neno linalojitokeza karibu katika kila insha ya uhakiki na ambalo ni nadra kufafanuliwa. Neno lenyewe ni "uhalisia". Tunalikuta katika maswali ya mitihani, katika miongozo ya vitabu teule na katika majibu ya wanafunzi. Mwanafunzi huandika kwamba riwaya fulani "ina uhalisia", akatia nukta, akaendelea na hoja nyingine kana kwamba ameshathibitisha jambo.

Katika makala haya tunanuia kulichunguza neno hili kuanzia mzizi wake. Tutauliza limetoka wapi, lina ndugu gani, na lilipataje kuwa istilahi ya fasihi. Usidhani kwamba hili ni zoezi la kupamba tu. Mtahiniwa asiyejua maana ya uhalisia hushindwa kuwatendea haki waandishi wetu. Huikosoa riwaya kwa kuwa "si ya kweli" ilhali riwaya haikukusudia kuwa taarifa ya habari, au huisifu kazi dhaifu kwa sababu tu inataja mitaa anayoijua.

Halisi haitokani na hali

Tuanze na kosa lililozoeleka. Wanafunzi wengi, na hata baadhi yetu sisi walimu, hudhani kwamba "uhalisia" umetokana na "hali". Kwamba ni kueleza hali ya maisha ilivyo. Dhana hii huvutia kwa kuwa sauti zinafanana na maana zinakaribiana. Hata hivyo, maneno haya mawili hayana nasaba moja.

"Hali" limetokana na neno la Kiarabu "hal", lenye maana ya namna kitu au mtu alivyo kwa wakati fulani. Ndilo tunalolitumia tunapojuliana hali. "Halisi" nalo limetokana na neno "khalis", ambalo mzizi wake ni konsonanti tatu: kh, l na s nzito. Mzizi huo unabeba wazo la kutakata, kuepukana na mchanganyiko na kusalia safi. Katika Kurani, Sura ya 16 aya ya 66, neno hilo hilo limetumika kuelezea maziwa yaliyo safi.

Lilipoingia katika Kiswahili, sauti "kh" ilipungua na kuwa "h", kama ilivyotokea kwa "khabari" iliyokuwa "habari" na "kheri" iliyokuwa "heri". Kwa hiyo tofauti iliyokuwa dhahiri katika Kiarabu baina ya maneno haya mawili ilifunikwa na matamshi yetu, nasi tukabaki tukiwadhania wageni wawili kuwa ni ndugu.

Ndugu wa kweli wa "halisi" wapo. "Ikhlasi", yaani usafi wa nia, ni wa mzizi huo huo. Vivyo hivyo neno "hulasa", ambalo baadhi ya watu huliandika "khulasa", lenye maana ya muhtasari: kile kinachosalia maneno ya ziada yakishachujwa. Utaona kwamba katika maneno yote haya kuna wazo la kuchuja. Dhahabu halisi ni ile isiyotiwa shaba. Asali halisi ni ile isiyotiwa maji ya sukari. Shika wazo hili la kuchuja, kwa maana tutalirejea.

Wanne wasiofanana

Njia nyepesi ya kuitambua maana ya neno ni kuuliza kinyume chake. Tuchukue maneno manne ambayo wanafunzi huyachanganya.

"Kweli" ni neno lenye asili ya Kibantu. Kinyume chake ni uongo. Huhusu kauli: mtu amesema kweli au amesema uongo. Ndiyo maana wahenga walisema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga.

"Hakika" limetoka katika Kiarabu "haqiqa". Kinyume chake ni shaka. Huhusu uthabiti wa jambo na imani ya anayelijua. Tunasema "nina hakika", wala hatusemi "nina halisi".

"Dhahiri" nalo ni la Kiarabu. Kinyume chake ni fiche. Huhusu kuonekana kwa jambo. Jambo laweza kuwa kweli bila kuwa dhahiri.

"Halisi", kama tulivyoona, kinyume chake ni bandia au ghushi. Huhusu asili ya kitu chenyewe. Mtoto wa bandia ana macho, mikono na nguo, lakini si mtoto halisi. Hapana aliyesema uongo hapo, wala hapana mwenye shaka. Ni kwamba kitu kimoja kinacho kiini na kingine hakina.

Wafanyishe wanafunzi wako zoezi hili ubaoni nao wataelewa mara moja kwamba "uhalisia" si kisawe cha "ukweli". Riwaya haisimuliwi ili ithibitishwe mahakamani. Maimuna wa Utengano hakuzaliwa na hana cheti cha kuzaliwa. Ukiuliza kama habari zake ni za kweli umeuliza swali la mwanahabari. Swali la mhakiki ni jingine: je, Maimuna ni mtu halisi ndani ya riwaya, au ni bandia, kinyago kilichovishwa jina?

Jambo jingine linalostahili kutajwa hapa ni kwamba mzizi wa "hakika" ndio uliozaa msamiati wa kazi yetu yenyewe. Haki, hakika, hakiki, uhakiki na mhakiki ni ukoo mmoja. Hata "mstahiki", neno lililobeba kinaya katika anwani ya tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, ni wa ukoo huo: mstahiki ni mwenye haki ya kupewa kitu. Kwa hiyo kuhakiki, kwa asili, ni kulithibitisha jambo na kulipa haki yake. Anayesifu bila ushahidi hahakiki.

Tena, katika elimu ya balagha ya Waarabu, "haqiqa" huwekwa mkabala na "majaz": matumizi ya neno kwa maana yake ya asili dhidi ya matumizi yake ya kitamathali. Neno hilo la pili unalijua. Ndilo "majazi" tunalolifundisha madarasani tukimaanisha kumpa mhusika jina linaloafiki tabia zake. Maana imebanwa ilipofika kwetu, lakini asili yake ni pana zaidi.

Safari ya Ulaya

Tukigeukia upande wa Ulaya, kwa sababu dhana ya uhalisia kama mkondo wa fasihi ilitujia kutoka huko, tunakuta historia tofauti. Neno la Kiingereza "reality" linatokana na Kilatini cha Zama za Kati, "realitas", lililoundwa kutokana na "realis", nalo likatokana na "res", yaani kitu, jambo au mali. Wazo la msingi hapa ni kitu kilichopo. Katika sheria za Uingereza, neno hilo lilihusishwa na mali isiyohamishika kama vile ardhi, na hadi leo ardhi na majumba hutajwa kwa neno lenye mzizi huo.

Ama wanafalsafa wa Zama za Kati, miongoni mwao John Duns Scotus aliyefariki mwaka 1308, walijadili kama mambo ya jumla, mathalani "ubinadamu", ni vitu vilivyopo kweli au ni majina tu. Waliosema yapo ndio walioitwa wafuasi wa uhalisia. Unaona basi kwamba neno lilitumika kwa maana iliyo karibu kinyume na ile tunayoifundisha leo. Kwao uhalisia ulikuwa kuamini yasiyoonekana kwa macho. Kwetu ni kuyaeleza yanayoonekana.

Hapa pia jihadhari na kufanana kwa sauti. Wazee wa pwani walihesabu fedha kwa "reale". Neno hilo halihusiani na "res" hata kidogo. Limetoka katika lugha za Kihispania na Kireno, ambamo "real" lina maana pia ya "ya kifalme", kutokana na neno la Kilatini linalohusu mfalme. Maneno hufanana kama watu wanavyofanana, na kufanana si udugu.

Uhalisia kama bendera ya wasanii ulipandishwa Ufaransa katikati ya karne ya 19. Mwaka 1855 mchoraji Gustave Courbet, baada ya baadhi ya picha zake kukataliwa katika maonyesho makubwa ya Paris, alijenga banda lake mwenyewe akaliita la uhalisia. Mwaka 1857 mwandishi Champfleury alichapisha kitabu cha makala chenye anwani ya neno hilo hilo. Mwaka huo huo wa 1857 Gustave Flaubert alishtakiwa kwa sababu ya riwaya yake Madame Bovary, ikidaiwa kwamba imekiuka maadili ya umma na ya dini. Aliachiliwa.

Kabla yao, mwaka 1830, Stendhal alikuwa ameifananisha riwaya na kioo kinachobebwa njiani. Huko ndiko unakokutana na chimbuko mojawapo la usemi wetu wa "fasihi ni kioo cha jamii", ambao wanafunzi huukariri bila kuuliza ni nani anayekishika kioo hicho na amekielekeza wapi.

Kwa nini mahakama ikaingilia riwaya? Kwa sababu uhalisia haukuwa mtindo wa kuandika tu, bali ulikuwa uamuzi kuhusu nani anastahili kuandikiwa. Fasihi ya awali ilipenda wafalme na mashujaa. Wanauhalisia walileta mkulima, mfanyakazi wa kuvunja mawe na mke wa daktari wa kijijini aliyechoshwa na ndoa. Walipoeleza yaliyofichwa nyuma ya milango, wenye mamlaka walikasirika.

Uhalisia ulipofika kwetu

Waarabu wenyewe walipotafuta neno la kuutaja mkondo huu hawakutumia "khalis". Walitumia neno linalotokana na "waqaa", yaani kutukia. Kwao uhalisia ni habari ya yanayotukia. Waswahili walichukua "halisi", wakaongeza kiambishi cha dhana "u-" wakapata "uhalisi", kisha wakapata "uhalisia". Kwa hivyo ingawa mzizi ni wa Kiarabu, istilahi ni yetu. Wengi wa wahakiki hutofautisha: "uhalisi" ni sifa ya kitu kuwa halisi, "uhalisia" ni mkondo au nadharia, pamoja na urasimi, ulimbwende, uasilia na udhanaishi. Ni vyema mtahiniwa auzingatie utenganisho huo.

Je, fasihi yetu iliupokeaje mkondo huu? Katika miaka ya 1970 riwaya ya Kiswahili ilibadilika kwa kasi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, hadithi ya msichana aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, kisha akapotoka alipokuwa mbali na nyumbani. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku kwa muda shuleni nchini Tanzania kwa kuwa ilizungumza waziwazi kuhusu mambo ya kujamiiana. Linganisha na Flaubert. Zaidi ya karne moja na bahari kadhaa zinawatenganisha, lakini shtaka ni moja: mwandishi amesema lililo halisi mno.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waandishi kadhaa waliukaribia uhalisia wa kijamaa, tapo lililopitishwa rasmi katika mkutano wa waandishi wa Kisovieti huko Moscow mwaka 1934. Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Riwaya hiyo ya pili inahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Hapa mwandishi hakutosheka kuonyesha maisha yalivyo. Alionyesha pia maisha yanakoelekea, au anakotaka yaelekee. Said Ahmed Mohamed naye, katika Utengano ya mwaka 1980, alimfuata Maimuna kutoka ndani ya nyumba alikofungiwa na baba yake, Maksuudi, hadi katika ulevi na ukahaba, na kutoka huko hadi anapojaribu kujirudi. Msomaji anaona kila kisa kikizaliwa na kisa kilichotangulia. Hiyo ndiyo alama kuu ya uhalisia: mambo hayatokei kwa miujiza.

Kusadikika si uhalisia, lakini si uongo

Sasa tufike kwenye kiini cha mjadala. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Nchi yenyewe inaelea angani. Wajumbe wake hutumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kwa kipimo cha uhalisia kazi hii haipati alama hata moja. Lakini soma mashtaka ya Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria, uone kama hujawahi kukutana na nchi ya namna hiyo. Iliandikwa wakati wa ukoloni, na wahakiki wengi wameisoma kama lawama kwa utawala huo.

Angalia anwani. Mwandishi hakuiita nchi yake "Halisi" wala "Kweli". Aliiita kwa kitenzi "sadiki", katika kauli ya kutendeka. Kinachosadikika ni kile kinachoweza kuaminiwa, hata kama hakijatokea. Hilo ndilo dai la chini kabisa ambalo msomaji ana haki ya kumdai msanii, nalo halihitaji uhalisia.

Katama Mkangi alifanya vivyo hivyo katika Walenisi, mwaka 1995. Mkangi alikuwa amewekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Riwaya yake inampeleka Dzombo katika sayari ya mbali yenye jamii ya usawa. Ukilitamka jina la sayari hiyo polepole utasikia "wale ni sisi". Hapo mwandishi amekwambia mwenyewe namna ya kumsoma. Mtahiniwa anayeandika kwamba riwaya hii "imekosa uhalisia hivyo haina mafunzo" amesikia jina bila kulisikiliza.

Kezilahabi, yule yule wa Rosa Mistika, aliuacha uhalisia alipoandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika Babu Alipofufuka, mwaka 2001. Kyallo Wadi Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Kazi hizi huhusishwa na mkondo ambao baadhi huuita uhalisiajabu na wengine uhalisia mazingaombwe. Istilahi hiyo ilianzia kwa mhakiki wa picha, Mjerumani Franz Roh, mwaka 1925, ikapata umaarufu kupitia waandishi wa Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi. Kwa msomaji aliyekulia kwenye ngano za mazimwi na wanyama wasemao, jambo hili si geni sana. Lililo geni ni kuliona likitumiwa kusimulia habari za serikali, deni na utandawazi.

Basi kwa nini mwandishi aliyeumudu uhalisia auache? Turudi kwenye mzizi tulioushika. Halisi ni kilichochujwa. Wakati mwingine njia ya kukipata kiini ni kueleza kila kitu kama kinavyoonekana, kama alivyofanya mwandishi wa Kuli. Wakati mwingine yanayoonekana ndiyo uchafu wenyewe unaopasa kuchujwa, na msanii hulazimika kukupeleka angani ili uione nchi yako bila hotuba na bendera zake. Njia ni mbili. Kinachotafutwa ni kimoja.

Katika chumba cha mtihani

Ukiulizwa kuhusu uhalisia wa kazi yoyote, mtahiniwa, fanya yafuatayo. Kwanza, lifafanue neno kwa sentensi moja kabla ya kulitumia. Pili, usithibitishe uhalisia kwa kutaja majina ya miji pekee. Siku Njema ya Ken Walibora inamtoa Kongowea Tanga hadi Kenya kumtafuta baba yake, na miji hiyo ipo kwenye ramani. Lakini kinachomfanya Kongowea awe halisi ni utovu wa wazazi na namna unavyoathiri maamuzi yake. Tatu, chunguza uhusiano wa sababu na matokeo, lugha ya wahusika kulingana na tabaka na umri wao, na mambo ya sadfa. Sadfa zikizidi, uhalisia hupungua, nawe uwe na ujasiri wa kusema hivyo kwa ushahidi. Nne, kama kazi si ya kihalisia, usiilaumu. Uliza inachuja nini na kwa chombo gani.

Nawe mwalimu, msahihishe mwanafunzi anayeandika "ukweli" mahali pa "uhalisia", lakini mweleze sababu. Msamiati wetu una hazina ya maneno manne mahali ambapo mengine yangekuwa na moja. Tukiyachanganya tunajifukarisha kwa hiari.

Maswali ya marudio

1. Kwa kutumia vinyume vyake, tofautisha kweli, hakika, dhahiri na halisi. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. "Kazi isiyo ya kihalisia yaweza kusadikika." Thibitisha kwa kurejelea riwaya moja uliyoisoma.
3. Chagua mhusika mmoja katika kitabu teule unachokisoma. Onyesha kama ni mtu halisi au ni bandia, na utoe ushahidi usiopungua hoja tatu.